Kamera Zinazosaka Kasoro Kwenye Bodi za Saketi

Baadhi ya kapasita zinazobandikwa kwenye bodi za simu siku hizi zina urefu wa milimita 0.4 na upana wa milimita 0.2. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni punje za chumvi. Bodi moja ya simu hubeba vipande vidogo vya namna hii kwa mamia, na kila kimoja kina ncha mbili zinazopaswa kushikwa barabara na lehemu. Ncha moja ikiachia, simu inaweza kukataa kuwaka. Au, jambo baya zaidi, inawaka leo kisha inazima mwezi ujao, mwenyewe akiwa safarini.

Kwa miaka mingi kasoro hizo zilisakwa na watu waliokaa chini ya taa kali, kioo cha kukuzia mkononi, bodi moja baada ya nyingine. Ni kazi inayochosha mno. Mkaguzi hodari asubuhi si yule yule saa tisa alasiri, na wakaguzi wawili wakipewa bodi moja wanaweza kutofautiana. Vipande vilipozidi kuwa vidogo na mistari ya uzalishaji kuzidi kasi, kazi hiyo ikawa nje ya uwezo wa macho ya binadamu.

Ukaguzi huanza bodi ingali tupu. Bodi ya simu ina tabaka kadhaa za shaba zilizogandamizwa pamoja kwa joto na shinikizo. Njia ya shaba ikikatika kwenye tabaka la ndani, likishafunikwa hakuna fundi atakayelifikia tena. Kwa hiyo kila tabaka hupigwa picha kabla ya kufunikwa, na kompyuta hulinganisha picha hiyo na mchoro wa mhandisi: wapi shaba imepungua, wapi njia mbili zimegusana. Waisraeli walikuwa miongoni mwa watangulizi wa mashine hizi. Kampuni ya Optrotech ilianzishwa mwaka 1981, ikaungana na mshindani wake Orbot mwaka 1992 na kuitwa Orbotech, na mwaka 2019 ikanunuliwa na KLA ya Marekani.

Baada ya hapo ndipo bodi huingia kwenye mstari wa kubandika vipande. Kwanza hupakwa rojo ya lehemu kupitia bamba jembamba la chuma lenye matundu, linaloacha kidonge cha rojo mahali pa kila mguu wa kipande. Hatua hii huonekana nyepesi, lakini makosa mengi ya ulehemu huzaliwa hapa: rojo ikipungua kiungo kitakuwa dhaifu, ikizidi itavuka na kuunganisha miguu miwili isiyopaswa kukutana. Picha ya kawaida haitoshi, kwa kuwa kinachotakiwa ni ujazo. Mashine za kukagua rojo humulika bodi kwa mistari ya mwanga, na mistari inapopinda juu ya kidonge, kompyuta hukokotoa kimo chake. Kampuni ya Koh Young ya Korea Kusini, iliyoanzishwa mwaka 2002, ilijijengea jina kwa upimaji huu. Bodi ikionekana mbovu hapa, hufutwa, ikasafishwa na kupakwa upya. Vipande vikishabandikwa na lehemu kuyeyushwa kwenye oveni, kosa lile lile litahitaji fundi, chuma cha kulehemu na muda.

Lehemu isiyo na madini ya risasi, ambayo ilienea baada ya masharti ya Umoja wa Ulaya dhidi ya risasi kuanza kutumika Julai 2006, huanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto 217 hivi za Selsiasi. Ndani ya oveni mambo mengi yanaweza kwenda mrama. Lehemu ya upande mmoja ikiyeyuka mapema kuliko ya upande wa pili, huivuta kapasita na kuisimamisha wima kwa ncha moja. Chipu hutoka imesogea, mguu hubaki umeinuka juu ya lehemu bila kushikwa.

Kamera inayosubiri kwenye mlango wa kutokea haitegemei taa moja. Omron ya Japani, kwa mfano, huangaza bodi kwa taa nyekundu, kijani na buluu kutoka pembe tofauti. Lehemu iliyoushika mguu vizuri hupanda kwa mteremko, na mteremko huo huakisi rangi tofauti na sehemu iliyo bapa. Kompyuta husoma umbo la kiungo kwa rangi zake.

Kuona, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Iliyo ngumu ni kuhukumu. Chukua bodi yenye viungo 2,000. Mashine ikikilaumu kiungo kizima mara moja tu katika kila viungo 1,000, kila bodi itakuja na lawama mbili za uongo. Kiwanda kikitoa bodi 3,000 kwa siku, hizo ni lawama 6,000 ambazo lazima mtu azitazame. Mtu huyo, akishaona lawama za uongo mia mfululizo, huanza kubonyeza "nzima" kwa mazoea, na kasoro ya kweli hupita mbele ya macho yake. Mhandisi akilegeza vipimo ili kelele zipungue, mashine yenyewe ndiyo itakayoipitisha. Kati ya hatari hizo mbili ndipo ustadi wa kazi hii ulipo, na kununua kamera ya bei kubwa hakuuondoi ugumu huo.

Hata maana ya kasoro hubadilika kulingana na matumizi. Mwongozo wa kimataifa wa IPC-A-610 hugawa bidhaa katika madaraja matatu. Kapasita iliyotoka nje ya sehemu yake kwa nusu ya upana inaweza kukubaliwa katika madaraja mawili ya chini, ambamo vimo vyombo vya kawaida vya nyumbani. Daraja la tatu, la vifaa kama mashine za kuokoa uhai, huruhusu robo tu.

Kuna viungo ambavyo kamera haivifikii kabisa. Chipu kubwa za leo zimeshikiliwa na vijitufe vya lehemu vilivyopangwa chini ya matumbo yake, na hivyo hukaguliwa kwa eksirei. Nayo eksirei huonyesha hali ya siku ile tu. Julai 2007 Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya matengenezo ya mashine za michezo za Xbox 360, zilizokuwa zikifa na kuwasha taa tatu nyekundu. Katika filamu ya historia ya Xbox iliyotolewa mwaka 2021, kampuni ilieleza kwamba viungo ndani ya chipu vilikuwa vikipasuka kwa kupashwa joto na kupoa kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Kasoro hiyo iliendelea kukua sebuleni kwa mteja, mbali na kamera yoyote ya kiwandani.

Sasa viwanda vinafundisha kompyuta kutofautisha kiungo kizima na kibovu kwa kuionyesha maelfu ya picha, badala ya kuiandikia sheria moja moja. Lawama za uongo hupungua, lakini njia hii ina shida yake: kiwanda kizuri hutoa bodi mbovu chache, na kasoro iliyo adimu kuliko zote ndiyo isiyo na picha za kutosha za kufundishia. Baadhi ya mifumo huonyeshwa bodi zisizo na kasoro tu, kisha huagizwa kupaza sauti ikiona chochote kigeni. Picha ya kitu hicho kigeni bado hupelekwa kwenye skrini ya mkaguzi aliyeketi mwisho wa mstari, naye ndiye anayeamua kama bodi iendelee au irudi kwa fundi.