Kuchimba Kisima Upesi na kwa Gharama Ndogo

Mhariri ameniomba niwaeleze wasomaji wa gazeti letu jinsi visima vya mtambo vinavyochimbwa hapa Bagamoyo, na kwa nini kimoja hugharimu fedha nyingi kuliko kingine. Nimekubali kwa furaha, maana tangu nilipotoka shuleni hapa nimekuwa karani wa mitambo ya kuchimba. Kazi yangu ni kukaa kando ya shimo na daftari, nikiandika kila mita na kila dakika. Fundi huona tope. Mimi huona saa na shilingi.

Kwanza yafaa tuijue ardhi yetu. Kutoka Bunju na Mapinga, kupita Zinga na Bagamoyo mjini, hata kule Mto Wami unakoingia baharini, mwambao wetu ni mchanga, udongo wa mfinyanzi na mawe ya matumbawe. Si mwamba mgumu kama ule wa Dodoma au Singida. Huko bara hutumiwa nyundo ya hewa, nayo hushuka shimoni na kuupiga mwamba palepale chini. Mwaka 1967, India ilipopatwa na ukame, UNICEF ilipeleka huko mitambo ya nyundo za namna hiyo, na visima vilivyokuwa vikichukua majuma mengi katika mwamba vikawa kazi ya siku chache tu. Watu wakisikia habari hiyo hutaka nyundo hiyohiyo iletwe kwetu. Lakini mchanga haukatai kukatwa; taabu yake ni kubomoka. Kwa hiyo sisi hutumia mtambo wa kuzunguka pamoja na tope la bentonaiti. Tope hili husukumwa kwa pampu ndani ya mabomba, likatokea kwenye biti, kisha likapanda kando kando ya mabomba likibeba vipande vya udongo mpaka juu. Uzito wake ndio unaozuia kuta za shimo zisianguke.

Sasa, je, twaweza kuongezaje upesi wa kazi hii? Wengi hufikiri jibu ni kuikandamiza biti kwa nguvu zaidi. Siku moja niliandika saa zote za kazi tangu saa 1 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Katika saa hizo 10, biti ilizunguka saa 3 na dakika 20 tu. Saa 2 na dakika 40 tulikaa tukingoja gari la maji, kwani tope halikorogwi kwa mate, na anayetafuta maji hana budi kuja na maji yake. Saa moja na nusu ilikwenda katika kutengeneza mpira uliopasuka, saa moja katika kukoroga tope, saa moja katika kuunga mabomba, na nusu saa tukala chakula. Fanyeni hesabu ninyi wenyewe. Kama fundi angeongeza mwendo wa biti kwa robo, tungeokoa dakika 40. Kama gari la maji lingalifika mapema, tungeokoa dakika 160, bila ya kuongeza hata tone moja la mafuta. Siku iliyofuata tulichimba shimo la akiba, tukalijaza maji jioni kabla ya kulala. Basi.

Biti nayo ina hesabu yake, iliyotoka kwa watu wa mafuta ya petroli. (Watu hao si wageni kwetu: katika miaka ya 1950 kampuni za BP na Shell zilichimba Mafia na Unguja kutafuta mafuta, na gesi ya Songo Songo ilipatikana mwaka 1974.) Chukua bei ya biti, ongeza gharama ya mtambo kwa saa, ukiizidisha kwa saa za kuchimba pamoja na saa za kuteremsha na kupandisha mabomba, halafu gawanya kwa mita ulizochimba. Tuseme, kwa mfano tu, mtambo hugharimu shilingi 200,000 kwa saa. Biti rahisi ya shilingi 400,000 inachimba mita 40 kwa saa 10, na saa 2 za mabomba. Jumla ni shilingi 2,800,000, yaani shilingi 70,000 kwa mita. Biti ghali ya shilingi 1,200,000 inachimba mita 80 kwa saa 14, na saa 2 za mabomba. Jumla ni 4,400,000, yaani shilingi 55,000 kwa mita. Biti ya bei mara tatu imeleta mita iliyo rahisi! Lakini ikiwa mkandarasi ataichimbia shimo moja fupi kisha aitupe kwenye mvua ishikwe na kutu, hesabu yote imeharibika.

Upana wa shimo pia watu huusahau. Shimo la milimita 250 halizidi lile la milimita 200 kwa robo tu, kama macho yanavyodanganya. Udongo unaotolewa huenda kwa mraba wa upana, kwa hiyo ni zaidi ya mara moja na nusu, na tope na changarawe pia huongezeka. Kisima cha kijiji kinachotiwa bomba la plastiki la inchi 5 hakihitaji shimo la kupitisha pipa. Na gharama ya kuleta mtambo kutoka Dar es Salaam ni ileile, uchimbe kisima kimoja au vitatu. Vijiji vitatu vya jirani vikipatana kuuita pamoja, kila kimoja hulipa theluthi ya safari. Sijui kwa nini jambo jepesi namna hii huwa gumu hivi kwa wazee wetu kupatana.

Upesi una mahali pake, na pengine hauna. Mahali pake ni pale shimo lililo wazi katika mchanga linapongoja mabomba ya kisima. Hapo kila saa ni hatari, tope likishuka usiku kuta huporomoka, na kazi ya siku mbili hupotea. Kwa hiyo mabomba, chujio na changarawe sharti viwe vimelala kando ya shimo kabla biti haijagusa ardhi. Lakini baada ya mabomba kuingia, haraka ni adui. Changarawe itiwe polepole ikizunguka chujio, sehemu ya juu izibwe kwa saruji maji machafu yasiteremke, kisha kisima kisafishwe mpaka maji yatoke bila mchanga. Nimeona wakandarasi wakikifanya kisima kwa siku tatu na kukisafisha kwa saa moja. Mchanga uliobaki hula pampu kama mchwa alavyo mlango.

Lakini haya yote ni madogo mbele ya jambo moja, nalo ni chumvi.

Maji matamu ya mwambao huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, walieleza kipimo chake. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo 1. Ya bahari, kilo 1.025. Kwa hiyo kila mita moja ambayo maji ya kisima yamesimama juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Karibu na pwani, maji yakisimama nusu mita tu juu ya bahari, utamu huishia mita 20 chini yake, na kwa kweli huishia mapema zaidi kwa kuwa maji hayo mawili huchanganyika. Tena pampu ikiyashusha maji kwa robo mita, na ikaendelea hivyo siku nyingi, chumvi yaweza kupanda mita 10. Kanuni hii si msahafu. Tabaka la udongo wa mfinyanzi laweza kuyalinda maji matamu yaliyo chini sana, kama yale ya Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam. Lakini asiyeijua huchimba kipofu. Na chumvi haihitaji kuwa nyingi. Maji ya bahari yana miligramu 19,000 hivi za kloridi kwa lita, nayo ladha huanza kusikika karibu na miligramu 250. Debe moja la bahari latosha kuharibu madebe 75.

Katika kijiji kimoja cha pwani, ambacho sitakitaja, watu walichanga mwaka mzima, wavuvi kwa samaki wao na kina mama kwa nazi na mikeka. Mkataba ulikuwa wa mita 60, malipo kwa kila mita. Tulipopita mita 30, mzee mmoja wa kamati alichovya kidole katika maji yaliyotoka, akaonja.

"Bwana fundi, maji haya yamegeuka."

"Mzee wangu, mkataba unasema mita 60."

"Sawa, mwanangu. Lakini sisi chumvi tunayo, iko Nunge pale imeanikwa."

Mtambo uliendelea mpaka mita 60, kwa kuwa kila mita ilikuwa fedha ya mkandarasi. Kijiji kililipa zote. Maji yale hayanyweki, hata sabuni haitoi povu.

Tangu siku ile kila kamati inayoniuliza naiambia mambo haya. Mtaalamu apime ardhi kwa umeme kabla ya mtambo kuja, naye ajue kuwa chumvi na mfinyanzi huonekana sawa katika kipimo hicho, hivyo asikosee moja kwa nyingine. Mkataba uipe kamati haki ya kusimamisha kazi kwa mita yoyote, na umlipe mkandarasi kwa haki hata akisimamishwa, asije akaona mita ndiyo riziki yake pekee. Kibali kitakiwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa mujibu wa sheria ya maji ya mwaka 2009. Na daftari la mita zote, lenye aina ya udongo na vipimo vya maji, libaki nakala kijijini na nakala kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Shimo bovu lililoandikwa vizuri humwokoa jirani asichimbe bovu la pili.

Tena si lazima kila mara kuwe na mtambo. Katika miaka ya 1970 Shinyanga, na baadaye Morogoro, visima vifupi vilichimbwa kwa kekee ya mkono kwa msaada wa Waholanzi, na Njombe shirika la SHIPO limewafundisha vijana kuchimba kwa mkono na kutengeneza pampu za kamba. Mchanga wetu wafaa sana kwa kazi hiyo. Wazee wetu waliochimba visima vipana na vifupi nyuma ya fukwe walikuwa wakikomba maji matamu ya juu bila kuiamsha chumvi.

Kijiji kile kilichanga tena, miaka miwili baadaye. Safari hii walikwenda mbali na bahari, kwenye kilima cha mikorosho, wakachimba visima viwili vya mkono vya mita 18. Pampu zake huvutwa asubuhi na jioni tu, na mchana hufungwa kwa kufuli. Ufunguo anao yule mzee aliyeonja.