Saa za Kabla ya Kazi

Walimu wengi hulalamika ya kuwa hawana nafasi ya kutunga: jioni, wakiisha kusahihisha madaftari, mkono umechoka na akili imelala. Twawasadiki. Lakini na tumtazame Anthony Trollope, Mwingereza aliyeingia kazi ya posta mjini London mwaka 1834, asiiache mpaka 1867, naye katika maisha yake aliandika riwaya 47. Hakuingojea jioni. Alipokaa Waltham Cross, saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani. Nusu saa ya kwanza aliyasoma ya jana. Kisha, saa yake ikiwa mbele yake, alijilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa.

Wengi humsifu kwa bidii hiyo. Sisi twamwangalia zaidi mtumishi wake mzee, mtunza farasi, aliyemwamsha na kumletea kahawa, asichelewe hata siku moja. Kwa kazi hiyo aliongezewa pauni 5 kwa mwaka. Trollope mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa 1883, alikiri ya kuwa huenda hakuna aliyemwia deni kubwa kuliko mzee yule.

Nawe, mwalimu, ukiamka kutunga, ni nani nyumbani mwako atakayeinjika maji, naye amelala saa ngapi?