Binti akienda Japani, abebe mila zipi?

MWACHA mila ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini wahenga hao hao walituonya kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho lako. Ni ipi basi kati ya methali hizi mbili itakayomfaa msichana wa Mautuma, kule Lugari katika Kakamega, aliyebahatika kupata nafasi ya kusomea Japani?

Swali hili si la mzaha. Serikali ya Japani imekuwa ikiwafadhili wanafunzi wa kigeni tangu mwaka 1954, na Wakenya huomba nafasi hizo kupitia ubalozi wake jijini Nairobi. Mfadhiliwa hulipiwa karo na nauli ya ndege, na hupewa pesa za matumizi. Wazazi nao hushughulikia pasipoti, sweta na unga wa kubeba. Ni wachache wanaoketi na binti yao wakamweleza kuwa huko aendako kuna watakaomtazama kwanza kama mwanamke, kisha kama mwanafunzi.

Mtihani wa kwanza ni lugha. Kiswahili hakibagui: mume na mke wote hujiita "mimi". Kijapani si hivyo. "Watashi" ni neno la adabu linalotumiwa na wote, lakini baina ya marafiki mwanamume hujiita "boku" au "ore". Msichana akijiita "ore", watu humgeukia wakamtazama. Wavulana nao hawajanusurika: anayejifunza Kijapani kwa kuwaiga wasichana huchekwa kwamba anaongea kama mwanamke.

Mtihani wa pili ni birika la chai. Kwa miaka mingi katika ofisi za Japani, kuwaandalia wenzao chai ilikuwa kazi ya wanawake, hata wenye shahada. Sheria ya usawa kazini ilianza kutumika mwaka 1986 na ikaongezwa makali mwaka 1997, lakini mazoea hayafutwi kwa kalamu. Kwenye karamu, wadogo huwamiminia wakubwa vinywaji, na mara nyingi macho huwaelekea wasichana.

Tusiwacheke Wajapani. Miongoni mwa Waluhya, zamani mwanamke hakuruhusiwa kula kuku aliyemfuga na kumpika mwenyewe. Hadi leo katika maboma mengi firigisi ni ya baba, na mwanamume akionekana jikoni huwa kioja. Hapo ndipo penye hatari. Binti aliyelelewa hivyo ataacha vitabu akachemshe chai bila hata kutambua kwamba ni yeye peke yake anayefanya hivyo kila siku. Ndugu yake naye akienda huko, ataketi angojee kikombe, aone mambo yote ni sawa.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2018 ilifichuka kuwa Chuo Kikuu cha Matibabu cha Tokyo kilikuwa kimepunguza alama za wasichana katika mtihani wa kujiunga ili wasiwe wengi. Na katika mwaka 2023, wanawake hawakufika mmoja kati ya kila watafiti watano nchini humo.

Hata hivyo, Japani inabadilika. Oktoba 2025 Takaichi Sanae alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wake. Wajapani pia walimsikiliza mwanamke wa Kenya: Profesa Wangari Maathai alipozuru nchi hiyo mwaka 2005 alilipenda neno lao "mottainai", la kujutia kinachoharibiwa bure, akalieneza duniani. Mwaka 2009 wakamtunukia nishani ya Jua Linalochomoza.

Basi msichana afanyeje? Avue viatu mlangoni, ainamishe kichwa akisalimu, awaheshimu waliomtangulia. Hayo ni adabu na hayampunguzii kitu. Ikiwa wadogo wote, wake kwa waume, huandaa chai kwa zamu, naye achukue zamu yake. Lakini zamu ikiwa yake kila siku, aulize kwa upole kama orodha yaweza kuandikwa.

Ajifunze pia kukataa kwa njia ya wenyeji. Mjapani ni nadra kukutamkia "hapana" usoni. Husema "chotto", yaani "kidogo", akanyamaza, na mwenzake akaelewa. Upole huo ukishindwa, amwendee mhadhiri wake au ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kuvumilia kimya kimya si heshima.

Nanyi wazazi, msingoje barua ya ubalozi. Anzeni Jumapili ya leo. Mvulana achemshe chai, na firigisi igawanywe. Mtoto aliyezoea haki nyumbani ataitambua dhuluma hata ikija kwa lugha ngeni.