Kabla Hujanunua Betri ya Tatu

Likizo iliyopita baba mdogo alinipigia simu: "Mwanangu, ada itachelewa. Trekta limeua betri tena." Ilikuwa ya pili msimu huo. Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, la zamani kuliko baba mdogo, na ndilo linanisomesha, maana bumu langu halifiki hata nusu ya ada.

Nilikwenda na mita ya kuazima. Nasomea ualimu wa fizikia, na kwenye mazoezi ya kufundisha niliwaeleza wanafunzi ugunduzi wa Faraday wa 1831 kwa mbwembwe zote. Dainamo ni somo lilelile, limepakwa grisi tu.

Kwanza, pima betri injini ikiwa imezimwa. Iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Washa, ongeza mafuta kidogo, pima tena. Chaji ikiingia, namba inapanda hadi 14 hivi. Yetu, iliyotoka kuchajiwa mjini, ilishuka hadi 12.4. Yaani inatoa tu, haipokei, kama sisi wiki ya mwisho kabla ya bumu.

Pili, kagua fanibelti. Ikilegea inateleza, dainamo haizunguki inavyotakiwa. Yetu ilikuwa imekaza.

Tatu, dainamo yenyewe. Zima injini. Kuna nyaya mbili: mnene wa D unatoa umeme, mwembamba wa F unarudisha umeme kidogo ili kutengeneza sumaku ndani. Chomoa zote mbili. Unganisha teminali za D na F kwa kipande cha waya, kisha weka mita kati ya hapo na bodi. Washa, ongeza mafuta taratibu. Ikifika volti 20 acha hapohapo, usije ukaiunguza. Isipopanda, angalia kaboni. Yetu ilipanda bila kusita.

Basi ugonjwa ulikuwa njiani, kati ya dainamo na katauti, kile kiboksi kinachoongoza chaji. Nikazima, nikachomoa nyaya upande wa katauti pia, nikapima kila mmoja ncha hadi ncha. D ulipitisha. F kimya. Nilipoumenya, shaba imegeuka kijani na kukatika ndani kwa ndani, juu plastiki inang'aa!

Tukaweka waya mpya, usiofika hata mita mbili. Taa nyekundu ikazima, mita ikasoma 14.1. Betri "iliyokufa" inafanya kazi mpaka leo. Ile ya kwanza tulishaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, na huenda nayo ilikuwa nzima. Hilo linaniuma.

Baba mdogo alizirudisha mfukoni hela za betri ya tatu, akauliza, "Haya ndiyo mnayosoma huko?"

"Ndiyo, baba," nilijibu. Lakini ukweli ni kwamba wanafunzi wangu sikuwahi kuwaambia F ina kazi gani. Nikipangiwa tena darasa nitaanza na ule waya mbovu, nimeutunza. Faraday atasubiri kidogo.