Nyumba na Mtafutaji Wake

Mtu anayehamia Dar es Salaam kwa ajili ya kazi, ana watoto wanaopaswa kuanza shule Januari na kodi ya miezi sita anayoidunduliza tangu mwaka jana, zamani hakuwa na njia ya kupata nyumba ila moja, nayo ni kumtafuta dalali wa mtaa, kumpa ada ya kuonyeshwa vyumba, na kuzunguka naye juani kutoka ua hadi ua hata apate makazi yanayolingana na mfuko wake. Njia hiyo haijafa, wala haielekei kufa upesi. Lakini leo, kabla hajampigia dalali, mtu huyo huchukua simu yake, akafungua Google, akaandika kwa Kiswahili chake cha kila siku, nyumba ya kupanga Sinza, au kiwanja kinauzwa Kigamboni, na mara moja huletewa orodha ya kurasa, ambazo aghalabu hufungua mbili tatu za mwanzo na kuziacha zilizobaki. Kampuni ambayo tovuti yake haimo katika hizo chache, hata ikiwa na nyumba bora kuliko zote mjini, kwa mtafutaji yule haipo.

Maarifa ya kuifanya tovuti ionekane katika mitambo ya kutafuta, yajulikanayo kwa herufi tatu za SEO, yamezungukwa na maneno mengi ya kutisha, na wapo wanaoyauza kwa ahadi ya kumfikisha mteja nafasi ya kwanza katika wiki mbili; ilhali msingi wake ni bayana, na kila ajuaye kusoma anaweza kuufahamu. Google ina programu iitwayo Googlebot, ambayo huzuru kurasa usiku na mchana kwa kufuata viungo vitokavyo ukurasa mmoja kwenda mwingine. Yale inayoyasoma hutiwa katika fahirisi kubwa mno. Na mtu anapouliza jambo, kinachopekuliwa ni fahirisi ile. Ukurasa usiofikiwa hausomwi. Usiosomwa hauingii katika fahirisi. Na usiokuwamo katika fahirisi hauwezi kuletwa mbele ya mtu, hata uwe mzuri namna gani. Baada ya hapo ndipo huja swali la nani atangulie, na hapo ndipo biashara ya nyumba ina mambo yake ya peke yake.

La kwanza ni maneno. Tovuti nyingi za nyumba katika miji yetu zimeandikwa kwa Kiingereza cha mapambo, chenye kusifu mandhari na utulivu, hali wapangaji wengi wanatafuta kwa Kiswahili na kwa majina ya mitaa, vituo vya daladala na masoko. Sisemi Kiingereza kiondolewe, maana wapo wageni na mashirika wanaotafuta kwa lugha hiyo Masaki na Oysterbay. Nasema kwamba mwenye vyumba vya kupangisha Tabata au Kimara, ambaye tovuti yake haina hata mara moja neno kupanga, wala kodi, wala chumba na sebule, amejitenga mwenyewe na wateja wake.

Na majina ya mahali yanataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Katika Dar es Salaam kuna Mbezi mbili: Mbezi Beach, iliyoko kwenye Barabara ya Bagamoyo upande wa bahari, na Mbezi nyingine iliyoko kwenye Barabara ya Morogoro, ambako stendi kuu ya mabasi ya mikoani ya Magufuli ilifunguliwa mwaka 2021. Baina yao pana mwendo mrefu, kodi zake si sawa, na mtu afanyaye kazi Mwenge hawezi kuichukua moja badala ya nyingine. Dalali anayeandika Mbezi tu, akaishia hapo, humpotezea mtafutaji nauli na muda, naye hupoteza nafasi yake, kwa kuwa mtambo haujui ukurasa wake umwonyeshe nani. Aandikaye Mbezi Beach, karibu na kituo cha Tangi Bovu, amewaambia wote wawili, mtu na mtambo, jambo ambalo hawakuweza kulikisia.

Natutazame tangazo moja kwa karibu. Liko tangazo la namna hii katika tovuti nyingi: nyumba nzuri ya kisasa inapangishwa, mahali tulivu, bei maelewano, piga simu. Hakuna neno hata moja humo linaloitenga nyumba hiyo na nyumba nyingine elfu. Sasa mwandishi yule yule na aandike kwamba ni nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa na choo chake ndani. Ina jiko na stoo. Ina luku yake peke yake. Maji ni ya Dawasa na lipo tangi la akiba. Ipo ndani ya uzio wenye nafasi ya magari mawili. Kutoka lami hadi getini ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kodi ni kiasi fulani kwa mwezi, hulipwa miezi sita kwa pamoja, na ada ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja. Kila sehemu ya maelezo hayo ni jibu la swali ambalo mtu mmoja, mahali fulani, analiandika katika simu yake usiku huu. Hapana hila hapa. Aliyeieleza nyumba kwa ukamilifu ameyaweka maneno ya watafutaji katika ukurasa wake bila kuyatafuta.

Kuhusu bei nina neno zaidi. Desturi ya kuificha bei na kumtaka mtu aje inbox imezoeleka sana katika kurasa za Instagram, na madalali wengi wameihamishia katika tovuti zao. Naiona kuwa desturi mbaya. Humdhalilisha mpangaji mwenye kipato kidogo, ambaye hulazimika kuuliza mara kumi ndipo ajue kwamba nyumba si ya kiwango chake. Na fauka ya hayo huunyima mtambo jambo moja ambalo takriban kila mtafutaji wa nyumba anataka kulijua.

Tatizo jingine lililo kubwa katika biashara hii ni tangazo linalorudiwa. Nyumba moja huwa mikononi mwa madalali watano, na wote watano hupakia picha zile zile na maneno yale yale, moja kwa moja kutoka katika kundi la WhatsApp. Google inapokuta kurasa tano zilizo sawa, aghalabu huchagua mmoja wa kuonyesha na kuziweka kando nne. Tena tangu Februari 2011, ilipoleta badiliko lililopewa jina la Panda, imekuwa ikizishusha tovuti zilizojaa kurasa nyembamba au zilizonakiliwa. Dawa yake ni kwenda kwenye nyumba yenyewe, kupiga picha zako, na kuandika ulichokiona.

Kadhalika ziko kurasa zinazozaliwa bila mtu kukusudia. Tovuti ya nyumba huwa na vichujio vya bei, vya idadi ya vyumba, vya samani na vya mtaa, na kila mchanganyiko wa vichujio hivyo waweza kuunda anwani yake, hata tovuti yenye nyumba mia ikawa na maelfu ya kurasa zisizo na kitu, nayo Googlebot ikamalizia muda wake humo bila kuzifikia nyumba zenyewe. Fundi mwenye busara huchagua michanganyiko michache ambayo watu huitafuta kwa kweli, kama vile vyumba viwili vya kupanga Sinza, akaipa kurasa zilizoandikwa vema, na mingine akaifungia.

Je, nyumba ikishapangishwa, ukurasa wake ufanywe nini? Wengi huuacha kama ulivyo, na mtu hupiga simu akaambiwa imeshachukuliwa, kisha akaonyeshwa nyingine ya bei ya juu. Wengine huufuta na kumpeleka kila ajaye kwenye ukurasa wa mbele, jambo ambalo Google huliona ni sawa na ukurasa usiokuwapo. Lililo bora ni hili: ikiwa nyumba itarudi sokoni, ukurasa ubaki, uandikwe waziwazi juu kabisa kwamba imepangishwa, na chini yake ziorodheshwe nyumba nyingine za mtaa ule ule, na ikiwa imeuzwa na haitarudi, ukurasa uondolewe kweli, seva ijibu kwamba haupo, ili fahirisi iuache.

Habari ya picha nitaipitia kwa ufupi. Google leo huisoma tovuti kama inavyoonekana katika simu, na hutaka sehemu iliyo kubwa kuliko zote katika ukurasa, aghalabu picha, ionekane katika muda usiozidi sekunde 2.5. Picha ishirini zilizotoka katika kamera bila kupunguzwa uzito humla mtu bando lake kabla hajaiona sebule. Zipunguzwe, na kila moja iwe na maelezo yake mafupi ya maneno, kwa kuwa maneno hayo huusaidia mtambo kujua kilichomo katika picha.

Sasa nifike kwenye viungo, ambako udanganyifu umekuwa mwingi kuliko mahali pengine popote. Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google mwaka 1998 baada ya kufanya utafiti wao katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijenga kanuni yao juu ya wazo kwamba kiungo kutoka tovuti moja kwenda nyingine ni ushahidi wa heshima, na kwamba ushahidi wa mheshimiwa una uzito kuliko wa asiyejulikana. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuuza na kununua ushahidi huo. Aprili 2012 Google ilileta badiliko la Penguin, na tovuti nyingi zilizotegemea viungo vya kununua zikaporomoka. Hata hivyo wauzaji wake wangali wapo, nao huwafuata wenye kampuni ndogo za nyumba, ambao hawana wa kuwatahadharisha.

Kiungo cha haki hupatikana kwa kuandika kitu ambacho watu wengine wana haja ya kukitaja. Katika nchi yetu hakuna uhaba wa mambo hayo. Mtanzania aliyeko Muscat au London anayetaka kununua kiwanja nyumbani ana maswali mazito: hati miliki ni nini, upekuzi wa hati hufanywa vipi, kiwanja kilichopimwa kinatofautianaje na kisichopimwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imeweka umiliki wa muda usiozidi miaka 99, na kama ilivyotungwa, asiye raia hakupewa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Ni watu wangapi wamelipa fedha za jasho lao bila kuyajua hayo? Kampuni itakayoyaeleza kwa Kiswahili safi, kwa jina la mwandishi anayejulikana na tarehe iliyo wazi, itatajwa na wengine bila kuwalipa. Tena kurasa zinazogusa fedha za watu hupimwa na Google kwa kipimo kikali zaidi, na ni haki iwe hivyo.

Mwenye ofisi asiisahau ramani. Katika matokeo ya ramani Google huangalia mnasaba wa biashara na swali, umbali wake na muulizaji, na umashuhuri wake. Kwa hiyo jina, simu na mahali pa ofisi viwe vile vile kila vinapoandikwa, na maoni ya wateja yawe ya wateja kweli.

Kazi hii huchukua miezi kuzaa matunda, na anayeahidi siku chache asipewe fedha. Nawasihi basi wenye tovuti za nyumba, kabla ya kumwajiri mtu yeyote, wafungue tangazo lao moja kwa simu ya bei ya chini, wakiwa barabarani na si ofisini, walisome kama mpangaji. Na likiwa halina mtaa, kodi, habari za maji na umeme, wala tarehe, waanze kulirekebisha hilo.