"Resori kubwa" ni ipi?

Hapa Kisangani, mwenye pikapu ya zamani akichoka kuona gari limeinama, huenda gereji na ombi moja: "Fundi, unitilie resori kubwa." Neno resori tumelipokea kutoka Kifaransa na halina kosa. Kamusi za sanifu zinatupa pia kamani, neno lenye undugu na kamān ya Kiajemi, yaani upinde, lakini ukilisema gerejini watadhani unataka kutengeneza saa. Shida iko kwenye kivumishi. Kubwa katika ombi hilo laweza kuwa ndefu, nene au ngumu, na fundi hulazimika kuchagua maana kwa niaba ya mteja.

Tuchukue Toyota Land Cruiser 79. Tangu 1999 pikapu za familia hiyo zina resori za msokoto mbele, yaani waya mnene wa chuma uliozungushwa, na nyuma zimebaki na zile za mabapa, vyuma vilivyolaliana kimoja juu ya kingine. Sisi tunaziita zote resori. Kwa hiyo mtu anayepakia mpunga na makaa njia ya Bafwasende anaweza kuomba "resori kubwa", akatiwa misokoto migumu mbele, huku uzito wake wote umekaa nyuma. Mbele panainuka, nyuma panalala vilevile. (Malori yenyewe mengi hutumia mabapa, Unimog ya Mercedes ni kati ya machache yenye misokoto, basi hata "resori ya kamio" si jina linalotosha.)

Sasa maana tatu za kubwa. Ndefu ni urefu wa resori ikiwa haijabebeshwa kitu. Resori ndefu ya waya uleule na nafasi ileile kati ya mizunguko ina mizunguko mingi zaidi, hivyo huinua gari lakini ni laini zaidi. Pia ukiweka kipande cha mpira chini ya resori ya zamani, gari linapanda bila ugumu kuongezeka hata kidogo. Mtu anaona limesimama wima, anaamini limepata nguvu, anaongeza magunia.

Nene ndiyo yenye siri. Ugumu wa msokoto hufuata unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 14 ukibadilishwa kwa wa milimita 16, mengine yote yakibaki sawa, ugumu unafika mara 1.7. Mzigo uliokuwa ukiishusha resori sentimita 10 sasa unaishusha chini ya 6. Milimita mbili tu! Kwa macho huwezi kuzitofautisha vizuri. Fundi makini hupima waya kwa kifaa, hatazami urefu.

Halafu kuna mizunguko. Wengine hukata resori ili gari lishuke, wakidhani wameilegeza. Ni kinyume: msokoto wenye mizunguko 8 inayofanya kazi ukibaki na 7, ugumu unapanda kama asilimia 14. Chuma kimepungua, ugumu umeongezeka. Hapo ndipo kubwa linaposhindwa kabisa, maana resori iliyo ndogo zaidi ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Resori ngumu haiji peke yake. Amotisere, ile ambayo Tanzania huitwa shokapu, kazi yake ni kutuliza mrukoruko. Ikibaki ya zamani, resori mpya inairudisha gurudumu kwa nguvu kuliko inavyoweza kuizuia, na kwenye mashimo gari linaruka-ruka hata likiwa tupu. Mbele pakiinuliwa sana, ekseli hujizungusha kidogo kwenye mikono yake na usukani unapoteza tabia ya kujirudisha katikati. Dereva anasema gari "linatangatanga". Mipira ya mafuta ya freni nayo inavutwa, lazima itazamwe magurudumu yakiwa yananing'inia. Na hakuna resori inayoongeza nguvu ya ekseli, ya beringi wala ya shasi.

Jambo ambalo ningependa kila mpakiaji alijue liko nyuma. Pikapu nyingi za Toyota zina vali ya freni iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Mzigo ukishusha mwili wa gari, vali inaruhusu shinikizo zaidi kwenye freni za nyuma; gari likiwa tupu, inalipunguza ili magurudumu yasigande. Ukitia mabapa magumu bila kurekebisha fimbo hiyo, gari lililojaa linabaki juu, vali inasoma kwamba ni tupu, na freni za nyuma zinapewa kidogo, huku abiria wamekaa juu ya magunia kwenye mteremko. Kwa hiyo ukienda gerejini sema uzito unaopakia, sema ni mbele au nyuma, kisha uliza: "Na fimbo ya freni tunaifanyaje?"