Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mtoto anatapika: huenda ni migreni

Mtoto anarudi nyumbani kabla ya masomo kwisha. Uso umepauka, mikono ni baridi, anatapika na kuomba dirisha lifungwe kwa sababu mwanga unamuumiza. Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu au Bunia, neno la kwanza ni malaria. Ni haki kuanza hapo: malaria inaua watoto na kipimo lazima kifanyike. Lakini ikiwa kipimo hakionyeshi kitu, homa haipo, mtoto analala kidogo na kuamka akicheza, kisha hali ileile inarudi wiki kadhaa baadaye, inafaa kufikiria kipandauso, ambacho wengi hukiita migreni.

Kwa watoto, maumivu mara nyingi hushika pande zote mbili za kichwa na yanaweza kwisha baada ya saa 2 tu. Ndiyo maana wengine huambiwa wanakimbia masomo. Kuna hata wasioumwa kichwa: kwao ni tumbo, karibu na kitovu, na wazazi huwapa dawa ya minyoo.

Kupauka na kutapika huko kunahusu neva zinazofanya kazi bila kungoja amri yetu. Ndizo zinazoongoza mapigo ya moyo, jasho, mishipa ya damu na mwendo wa tumbo. Migreni inapoanza ndani ya ubongo, nazo huvurugika. Watafiti wamepima mapigo ya moyo ya watoto hao hata siku wasipoumwa, lakini matokeo hayafanani. Kwa hiyo daktari hategemei mashine. Anategemea maelezo ya mama na ya mtoto mwenyewe.

Tumbo nalo hupunguza kazi, na kidonge kilichomezwa kwa kuchelewa hukawia kuingia katika damu. Paracetamoli au ibuprofeni hufaa zaidi ikitolewa maumivu yanapoanza, kulingana na uzito wa mtoto. Aspirini haifai kwa watoto. Dawa hizo zikitumiwa karibu kila siku, zenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Na dawa za kuzuia? Mwaka 2017, utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto na vijana 361 ulionyesha kwamba amitriptilini na topiramati hazikushinda kidonge kisicho na dawa ndani yake. Kati ya waliopewa kidonge hicho kitupu, asilimia 61 walipunguza siku za maumivu kwa nusu au zaidi.

Yanayobaki ni usingizi wa kutosha, maji, na kutokwenda shuleni bila kula. Ushauri huo ni mwepesi kwa mdomo, mgumu kwa familia inayolala chini ya hema na kula mara moja kwa siku.

Mtoto mwenye homa na shingo ngumu, degedege, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au anayeamshwa kila asubuhi na maumivu na kutapika, apelekwe hospitali bila kungoja.